Rasimu Mbili Ndani ya Kitabu Kimoja

Ilipofika saa sita na robo mchana, Shangazi alivua kiatu cha mguu wa kushoto, akakiweka juu ya benchi kana kwamba ni shahidi wa pili, kisha akasema:

"Mimi nimesimamia ufuaji wa mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, mwanangu. Ninajua kinachokauka na kisichokauka. Huyu bwana wako haji."

"Atakuja, Shangazi."

"Amesema?"

"Hakusema."

"Amepiga simu?"

"Hakupiga."

"Ameandika, basi?"

"Hakuandika. Ndiyo maana ninajua kwamba atakuja."

Shangazi alimgusa msichana paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama anavyoguswa mtu mwenye homa. Walikuwa katika ukumbi wa kungojea wa ofisi ya msajili wa ndoa. Mbele yao ulikuwapo mlango ulioachwa wazi kidogo, na ndani yake karani aligonga muhuri juu ya karatasi za watu wengine, wenye bahati zao.

"Hebu nieleze tena hiyo elimu yenu," alisema Shangazi. "Jana nilidhani nimeielewa."

Msichana aliinyoosha sketi ya gauni lake magotini. "Unaitwa utaratibu wa ukimya. Mataifa yanapotaka kukubaliana jambo bila kukutana, mwenyekiti husambaza rasimu na kuweka saa ya mwisho. Asiyeafiki huandika kupinga kabla ya saa hiyo. Saa ikifika na hakuna aliyeandika, rasimu imepita. Jumatatu nilimwandikia hivyo: Ijumaa saa sita tukutane hapa, tuandikishe ndoa, kisha twende kwa Baba tukiwa wawili. Nilimpa mpaka jana jioni apinge. Hakupinga."

"Kwa hiyo amekubali."

"Amekubali."

"Kwa kunyamaza."

"Ndiyo, Shangazi."

"Marehemu mume wangu aliwahi kuninyamazia miezi minane," alisema Shangazi, "wala hakuwa amekubali chochote. Alikuwa na mwingine."

Msichana alicheka, huku akiutazama mlango wa kuingilia.

Alikuwa katika mwaka wa nne, mwaka wa mwisho, wa masomo ya sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa, na wenzake walimwita Pingamizi. Jina hilo alilipata mwaka wa tatu, katika baraza la mazoezi ambamo kila mwanafunzi alisimama badala ya nchi moja. Kijana mmoja mrefu, mwenye saa ya mkononi na tabia ya kuitazama, alichaguliwa kuwa mwenyekiti, na tangu hapo hakuitwa kwa jina jingine. Msichana aliiwakilisha nchi ndogo isiyo na bandari. Sentensi moja ya rasimu ilimkera, akaandika kuipinga, akapanda ngazi za ghorofa tatu mbio, akafika akitweta. Mwenyekiti aliitazama saa yake. "Mheshimiwa mjumbe, umechelewa kwa dakika nne. Rasimu imepita." Alilia kwa hasira penye ujia, na kijana yule akamfuata na bilauri ya maji, akamwambia kwamba sentensi ile yeye pia aliichukia, lakini saa ni saa. Hapo ndipo msichana alipompenda: mtu asiyeweza kuikunja kanuni hata kwa kujifurahisha mwenyewe.

Lakini Pingamizi huyo wa darasani, nyumbani kwao hakuwahi kupinga hata kiasi cha chumvi.

Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia duka baada ya duka akiwa na kisanduku cha mawe ya shaba ya kupimia, na maneno ya watu aliyapima vivyo hivyo. Miezi mitatu kabla ya siku hii, Mwenyekiti alikwenda kumposa binti. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Miaka minne mmefundishwa kusema na kuacha mlango nyuma. 'Kwa kadiri inavyowezekana.' 'Bila kuathiri haki za yeyote.' Binti yangu haolewi na mtu wa masharti. Mpaka mtihani wa mwisho wa binti yangu, hakuna kuzungumza, hakuna simu, hakuna ujumbe wa simu. Baadaye tutaonana." Kijana aliahidi. Msichana alikaa ukingoni mwa kiti, akalitazama zulia, wala hakutamka neno.

Na wawili hao, kwa kiburi cha usomi wao, waliisoma ahadi ile kama walivyofundishwa kusoma mikataba, herufi kwa herufi. Karatasi iliyotiwa ndani ya kitabu haikutajwa. Basi wakachagua juzuu moja nene ya mikataba ya kale, iliyokaa rafu ya chini kabisa ya maktaba bila kuazimwa na mtu. Ukurasa wa arobaini ulikuwa wa barua za kwenda kwa msichana. Ukurasa wa mia tatu ulikuwa wa barua za kwenda kwa kijana. Walijiona werevu. Hawakujua kwamba mtu anayetoa ahadi na kuanza kuitafutia ufa amekwisha kujitengenezea shimo la kuangukia.

"Mtihani wako umekwisha leo saa nne," alisema Shangazi akivaa kiatu. "Ahadi imekwisha. Mpigie."

Simu iliita mara mbili.

"Nakusikia," ilisema sauti ya Mwenyekiti, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa kwa taarifa ya msiba.

"Uko wapi?"

"Niko stendi. Basi la uwanja wa ndege linaondoka saa tisa."

"Uwanja wa ndege! Unakwenda wapi?"

"Tafadhali, usinifanyie hivyo. Nilikuandikia kila kitu Jumatatu. Saa ya mwisho ilikuwa leo saa sita. Nilisimama nje ya ofisi ya baba yako nikiutazama mshale mpaka ulipofika juu kabisa. Hukupinga, nikaingia."

"Na wewe hukupinga yangu!"

"Yako ipi?"

"Rasimu yangu! Nimekaa hapa kwa msajili wa ndoa na shangazi yangu tangu saa tano na nusu, nimevaa gauni alilolipiga pasi kwa mkono wake, kwa sababu hukupinga!"

Muhuri wa karani uligongwa mara mbili, tatu.

"Kitabu ulikichukua wewe," alisema kijana polepole. "Jumanne hakikuwapo rafuni."

"Sikukichukua. Nilidhani umekichukua wewe, mtu asione."

"Nami nilidhani umekichukua wewe, ukasome kwa nafasi."

"Uliniandikia nini?"

"Kitafute usome. Kama ningeweza kuyasema kwa mdomo, nisingeyaandika."

Simu ikakatika.

*

Mkutubi alivuta miwani yake iliyoning'inia shingoni kwa uzi, akaitazama namba ya kitabu.

"Hiki? Kilikuwa kinamwaga kurasa. Jumatatu saa sita nilikiteremsha chini kwa fundi wa kujalidi."

Msichana aliziruka ngazi. Chini, katika chumba kinachonuka gundi na ngozi, mzee mmoja alikuwa ameishika ile juzuu, imevuliwa jalada, nyuzi za mgongo wake zikionekana.

"Humu mlikuwa na karatasi mbili," alisema fundi kabla hajaulizwa, maana aliuona uso wake. "Sikuzisoma. Za watu hazisomwi. Ziko chini ya jiwe lile, nilizinyoosha mikunjo."

Zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine. Msichana aliutambua mwandiko wake, akautambua wa mwenzake, na mambo yote yakajipanga mbele yake kwa ukatili. Jumatatu saa mbili asubuhi aliufungua ukurasa wa arobaini, akaukuta mtupu. Saa nne, kwa saa aliyoiandika juu ya barua, kijana alikuja akaitia hapo. Saa tano msichana alirudi, akaitia yake katika ukurasa wa mia tatu, wala hakujisumbua kuutazama wa arobaini aliokwisha kuutazama. Saa sita kitabu kikaondoka. Kwa saa moja nzima kila mmoja alikuwa amemfungulia mwenzake moyo, na baina ya nyoyo hizo palikuwa na kurasa mia mbili na sitini za mikataba iliyokufa.

Alisoma akiwa amesimama.

"Mpendwa wangu. Nimepata nafasi ya shahada ya pili ng'ambo, miaka miwili. Juzi baba yako aliniita, akaniambia kwamba siku ile ulikaa mbele yetu wala hukusema neno, na kwamba yeye anaijua maana ya kunyamaza kwako tangu utoto wako. Sitaki uchague kati ya mzazi wako na mimi. Napendekeza tuachiliane ahadi zetu. Usipopinga kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nitakwenda kwa baba yako nimpe neno moja lisilo na sharti, kwamba sitakuposa tena."

Chini yake palikuwa na maneno mawili, yamekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, lakini yakisomeka: *Naomba upinge.*

"Habari mbaya, binti yangu?" aliuliza fundi.

"Nzuri, babu," alijibu, machozi yakimtiririka. "Ila imechelewa."

*

Walifika stendi saa tisa kasoro dakika kumi, Shangazi akiwa ameshika viatu vyote viwili mkononi. Mwenyekiti alisimama kando ya basi, begi lake miguuni, mlango wa chini wa mizigo ukiwa bado wazi. Alikuwa amekonda. Miezi mitatu ilikuwa imemchonga mashavu, na koti lake la siku za baraza lilimpwaya mabegani.

"Ninapinga," alisema msichana hata kabla ya salamu.

Kijana aliitazama saa yake. Hakufanya hivyo kwa dhihaka. Mkono ulijiinua wenyewe, kwa mazoea.

"Usiitazame saa!"

"Imepita," alisema. "Kwa karibu saa tatu."

"Siku ile zilikuwa dakika nne, ukanikatalia."

"Nilikukatalia."

"Leo nikubalie."

"Lau neno lile ningelitoa mbele ya wajumbe, ningelifuta sasa hivi, wakanizomea, nami nikafurahi. Nimelitoa mbele ya baba yako. Alinitazama akaniuliza, 'Lina sharti?' Nikasema halina. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema, halina, mzee. Akasimama akanipa mkono. Tangu nimfahamu hakuwahi kunipa mkono. Nikilifuta neno hilo leo, nitakuwa ndiye yule mtu wa masharti ambaye baba yako alimkataa."

"Na ukilishika?"

"Nitakuwa mtu anayekustahili. Lakini sitakuwa nawe."

"Jamani!" alipaaza sauti Shangazi. "Kati ya wasomi wawili hakuna hata mmoja wa kuwa mjinga kidogo, dakika tano tu? Shika begi, toka, tuondoke!"

Kijana aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Shangazi. Ningeomba niwe mjinga, sijui niombe kwa nani."

Msichana alimshika mkono wa koti, akahisi mfupa ndani yake. Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya zulia, na macho yale yalikuwa yanamwita kama midomo isivyoweza kumwita. Kama angesema neno moja la kumlaani, ingekuwa nafuu.

"Nani anaweza kukufungua?"

"Aliyelipokea. Yeye peke yake."

"Basi nakwenda kwake."

"Utamwambia nini? Hujapata kumwambia kitu."

Hakuyasema kwa lawama, na kwa sababu hiyo yalimchoma zaidi.

Kondakta aligonga ubavu wa basi. Kijana alitoa simu mfukoni, akaifunga ndani ya shati, akaitia kwenye begi, na begi akalisukuma ndani kabisa ya shimo la mizigo.

"Unafanya nini?"

"Nikiisikia ikilia mfukoni mwangu nitateremka njiani, na neno langu litateremka nami."

"Ndege ni saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

Mlango wa mizigo ulifungwa. Alipanda, akakaa dirishani, naye msichana akaibandika barua kwenye kioo, kidole chake kikiwa juu ya yale maneno mawili.

"Kwa nini uliyakata?" alipaaza sauti kuushinda muungurumo wa injini.

Kijana aliweka kiganja chake upande wa pili wa kioo, juu ya kidole kile. Msichana aliyasoma maneno midomoni mwake zaidi ya kuyasikia: "Mwenyekiti haruhusiwi kupendelea."

Basi likaondoka, na alama ya kiganja ikaondoka nalo.

*

Kila Ijumaa, akirudi kazini, Mzee aliyapanga mawe yake ya shaba juu ya meza ya sebuleni na kuyafuta kwa kitambaa, kuanzia kubwa mpaka lile dogo lisilozidi ukucha. Alikuwa amefika la tatu msichana na Shangazi waliposimama mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mtihani?"

"Umekwisha."

"Vyema. Kaa."

Hakukaa.

"Baba, ninapinga."

Mzee aliliweka jiwe chini. Katika nyumba hiyo neno hilo lilikuwa halijapata kutamkwa.

"Unapinga nini?"

"Kwamba siku ile nilikubali."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Nilikutazama nikikungoja. Nilingoja sana. Ukatazama zulia. Ulitaka nipime nini, hewa?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe, Baba."

Mzee alibaki na kitambaa mkononi. Alikuwa na uso wa mwenye duka aliyeambiwa kwamba mizani aliyoitumia maisha yake yote haikuwa sawa.

"Darasa la tano," alisema msichana, na maneno yalimtoka sasa bila kupangwa, "uliniletea viatu vya shule. Uliniuliza kama vinatosha. Nilinyamaza. Nilivivaa mwaka mzima, Baba. Kucha mbili zilitoka. Kila asubuhi ulivitazama, ukafurahi kwamba umepatia. Ndivyo nilivyokubali siku ile."

Macho ya Mzee yaliteremka mpaka miguuni pa binti yake, yakakaa huko muda mrefu.

"Umechelewa," alisema Mzee hatimaye.

"Ninajua. Mwenyekiti anasema saa tatu. Mimi nahesabu miaka ishirini na tatu."

"Kijana yule amenipa neno lisilo na sharti. Leo ndipo nilipomheshimu. Unataka nimvunjie?"

"Yeye hawezi kulivunja, ndiyo maana amepanda basi. Analishika, nalo linamuua, Baba. Linaniua na mimi. Amesema aliyelipokea ndiye peke yake anayeweza kumrudishia."

Aliziweka karatasi mbili kati ya mawe ya shaba. Mzee alivaa miwani. Aliisoma ya binti yake, na alipofika pale palipoandikwa "kisha twende kwa Baba tukiwa wawili," alirudi nyuma akapasoma tena. Aliisoma ya kijana. Kidole chake kilisimama mwishoni.

"Mstari huu kaukata nani?"

"Yeye mwenyewe, kabla ya kuniletea."

"Mtu anaandika anachokitaka, kisha anakikata?"

"Alihofia kwamba kitanisukuma upande wake. Alitaka nipime mwenyewe."

Mzee aliichukua karatasi ile akaisogeza dirishani, kama alivyosogeza jiwe alilolitilia shaka, akaitazama kwa mwanga. Kisha akaitoa simu yake.

"Namba yake."

"Kaka," alisema Shangazi kwa upole, "simu ya kijana iko ndani ya begi, na begi liko tumboni mwa basi. Hatasikia."

"Nimeuliza namba."

Msichana aliitaja, tarakimu moja moja. Mzee aliibonyeza, akaiweka simu sikioni, akakaa wima. Ikaita. Mbali huko barabarani, gizani chini ya mizigo ya watu, kifua cha shati kilimulika rangi ya samawati, kikatetema. Na juu yake, dirishani, kijana alikuwa amekaa mikono magotini, akisikia injini tu. Ikaita mpaka ikakatika.

Mkaguzi wa mizani hakuwahi maishani mwake kumpigia mtu simu mara mbili. Asiyepokea, alikuwa akisema, na abaki na simu yake.

Aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Aliivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kile kile cha mawe, akaivaa tena. Kisha akamvutia binti yake kiti kwa mguu, akabonyeza tena.